Ini linasingiziwa: kimelea kimoja cha malaria, maisha mawili

Katika vitongoji vya Lubumbashi, tangu Katuba hadi Ruashi, ipo hukumu ambayo hutolewa haraka kila homa inaporudi majuma mawili au matatu baada ya mgonjwa kumeza dawa: «Malaria yake iko mu maini.» Huitamka jirani, huitamka muuza dawa wa famasi ya kona, na wakati mwingine huitamka mganga mwenyewe aliyechoka mwisho wa zamu. Baada ya hukumu hufuata chupa ya mizizi michungu ya kusafishia ini, au chupa ya seramu ya kuning'iniza yenye kinini, dawa ya malaria, au vyote viwili. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba, kwa aina ya malaria inayotawala kwetu, ini hubebeshwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa sana hufanyika ndani ya damu, na kwamba kuchanganya maisha hayo mawili ya kimelea ndiko kunakotufanya tudai vipimo, dawa na sasa chanjo vifanye kazi ambayo havikuundwa kuifanya. Nchi ambayo peke yake hubeba zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila wagonjwa kumi wa malaria duniani, na ambayo katika hesabu hiyo hutanguliwa na Nigeria tu, haina budi kulijua jambo hili vizuri kuliko nyingine.

Tuanze na ini lenyewe. Mbu jike wa Anofelesi anapouma, hutema mate yenye vimelea vyembamba viitwavyo sporozoiti. Idadi yake ni ndogo ajabu: makumi tu, aghalabu pungufu ya mia moja, na nyingi huachwa kwenye ngozi badala ya kuingia moja kwa moja kwenye mshipa. Zile zinazofaulu kuupata mshipa hufikishwa kwenye ini, hutoboa na kupita ndani ya chembe kadhaa za ini bila kukaa, kisha kila moja huchagua chembe moja, hujiviringishia utando na kutulia humo. Kwa Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kimelea kinachoongoza Kongo nzima, utulivu huo hudumu siku sita au saba. Ndani ya muda huo kimelea kimoja hugawanyika mpaka kuwa zaidi ya 30,000.

Katika siku hizo zote mtu haoni chochote. Hana homa, haumwi kichwa, hamu ya bukari haijapungua. Ini lina chembe zaidi ya bilioni mia moja, na kupoteza kumi au ishirini kati yake ni hasara ambayo mwili hauwezi hata kuitambua. Kipimo cha tone nzito la damu, kile tunachokiita GE, hakiwezi kuonyesha kitu kwa kuwa damuni hamna kitu. Kipimo cha haraka, TDR, nacho kitanyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba anaumwa kwa sababu malaria imeingia kwenye ini, anasema kinyume cha mambo yalivyo: wakati malaria ilipokuwa kwenye ini ndipo alipokuwa mzima. Hata macho ya manjano, ambayo wengi huyachukua kama ushahidi usiopingika, kwa kiasi kikubwa hutokana na kupasuka kwa chembe nyekundu za damu na msukosuko wa mwili mzima katika malaria kali, wala si kwa sababu ya vimelea vile vichache vilivyolala kwenye ini juma moja kabla.

Damuni mambo hubadilika kabisa. Watoto wale 30,000, ambao sasa huitwa merozoiti, humwagwa kwenye mkondo wa damu, na kila mmoja ana muda mfupi tu wa kupata chembe nyekundu ya kujificha. Akishaipata, huingia ndani kwa chini ya dakika moja. Humo hula himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake. Himoglobini ikishameng'enywa huacha takataka ya sumu yenye chuma, iitwayo himu, nayo ingemuua kimelea mwenyewe kama asingeigandisha kuwa fuwele nyeusi ya hemozoini. Ndiyo ile rangi ya kahawia ambayo fundi wa maabara huiona kwenye darubini. Baada ya saa 48 chembe hupasuka na kutoa merozoiti kati ya 16 na 32, ambazo huvamia chembe nyingine, na kupasuka huko ndiko kunakoleta homa na kutetemeka.

Hesabu yake inafaa kufanywa polepole, kwa sababu ndiyo inayoeleza kalenda ya ugonjwa. Chukua chembe moja tu ya ini iliyotoa vimelea 30,000, na chukulia kwamba idadi huongezeka mara kumi katika kila saa 48, kwani si kila merozoiti hufaulu. Baada ya siku mbili ni 300,000. Baada ya nne ni milioni 3. Baada ya sita ni milioni 30. Baada ya nane ni milioni 300. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu, na mtazamaji hodari wa darubini huanza kuona vimelea vinapofikia kama 50 katika kila mikrolita (sehemu moja ya milioni ya lita), yaani kama milioni 250 mwilini mwote. Jumlisha siku saba za ini na siku nane za damu, utapata siku kumi na tano. Na kwa kuwa mara nyingi chembe za ini zilizoambukizwa ni zaidi ya moja, homa hutokea kati ya siku ya kumi na ya kumi na tano tangu kuumwa na mbu. Aliyelala bila chandarua jana hawezi kuumwa malaria leo kwa sababu ya usiku wa jana, hata kama mbu walimwimbia mpaka alfajiri.

Huenda msomaji akauliza kama kweli ni kiumbe kile kile. Ni kile kile, bila gene moja kuongezwa wala kupunguzwa. Orodha nzima ya gene za Plasmodium falciparum ilichapishwa mwaka 2002, nayo ina gene zipatazo 5,300 katika kromosomu 14. Kinachotofautiana ni zipi huwashwa na zipi huzimwa. Chembe ya ini ni nyumba tajiri yenye kiini, mafuta, sukari na kila aina ya chakula, lakini nyumba hiyo ina hatari yake: juu ya ukuta wake huanika vipande vya kila kilichomo ndani, hivyo askari wa kinga waitwao chembe T wanaweza kumtambua mgeni na kuiua chembe nzima. Chembe nyekundu ya damu haina kiini wala haianiki chochote ukutani, kwa hiyo askari hao hupita bila kuigusa. Lakini ni maskini, na kimelea hulazimika kuikarabati na kuiingizia vifaa vyake mwenyewe. Tofauti hiyo ya makazi huenda mbali mpaka kwenye mapishi. Katika vimelea vya panya imeonekana kwamba ukiondoa gene za kutengeneza asidi za mafuta, kimelea huendelea kuishi damuni kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini kikiwekwa kwenye ini hushindwa kuukamilisha ukuaji wake.

Jambo la uzito zaidi ni kwamba njia ya kutoka kwenye ini kwenda damuni haina marejeo. Merozoiti haiwezi kuivamia chembe ya ini. Haina funguo zake. Mtu aliyepata malaria kwa kuongezewa damu, au mtoto mchanga aliyeipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, hana kimelea hata kimoja kwenye ini na hatakuwa nacho mpaka aumwe na mbu. Vipo vimelea viwili ambavyo huacha wenzao wamelala usingizi kwenye ini kwa miezi, Plasmodium vivax na Plasmodium ovale, na waliolala huitwa hipnozoiti. Vivax huwasumbua sana watu wa Asia na Amerika ya Kusini, lakini kwetu ni adimu, kwa sababu walio wengi katika Afrika ya Kati hawana kwenye chembe zao nyekundu ile protini ya Duffy ambayo vivax huitegemea kama mlango. Ovale tunaye, ila ni wachache na aghalabu si wakali. Falciparum, anayetujazia vitanda msimu wa mvua, hana hipnozoiti. Akishatoka kwenye ini ametoka.

Kama kuna mahali falciparum hujificha kweli, si kwenye ini. Kimelea kikishapita nusu ya saa zake 48, huchomoza vinundu kwenye ngozi ya chembe nyekundu na kuvipaka protini ya kunata, ambayo huchaguliwa kutoka katika familia ya gene zipatazo 60 na kubadilishwa kila kinga inapoizoea. Chembe hiyo hunasa kwenye kuta za mishipa midogo, ya ubongo, ya mapafu, ya matumbo, na kwa mwanamke mwenye mimba hunasa kwenye kondo la nyuma. Hufanya hivyo ili isipelekwe kwenye bandama, ambako ingesagwa. Damu inayochomwa kidoleni kwa ajili ya GE huonyesha wale wachanga tu wanaozunguka. Wakubwa wamejificha ndani. Ndiyo maana mtoto anaweza kuandikiwa msalaba mmoja, yaani vimelea vichache, kwenye karatasi na huku amepoteza fahamu. Malaria ya ubongo ni ugonjwa wa damu iliyoziba, na kwa mtoto wa namna hiyo kuzungumzia ini ni kupoteza saa ambazo hana.

Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya pekee ya kuyajua haya, ingawa sidhani kama yanasemwa vya kutosha. Mfaransa Alphonse Laveran aliona kimelea damuni mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, na Ronald Ross alikionyesha ndani ya mbu mwaka 1897 huko India. Kisha mwaka 1903 mtaalamu wa Ujerumani aliyeheshimiwa sana, Fritz Schaudinn, akatangaza kwamba ameona sporozoiti ikiingia moja kwa moja kwenye chembe nyekundu, na heshima yake ikalifunga suala hilo kwa miaka karibu arobaini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Neil Hamilton Fairley na wenzake huko Cairns, Australia, walichukua damu ya watu wa kujitolea walioumwa na mbu wenye vimelea na kuwaongezea wengine. Damu iliyochukuliwa muda mfupi tu baada ya kuumwa iliambukiza. Iliyochukuliwa siku zilizofuata haikuambukiza mtu. Kwa falciparum ilirudi kuambukiza karibu siku ya saba. Kwa hiyo kimelea kilikuwa mahali fulani kwa siku sita, na mwaka 1948 Henry Shortt na Cyril Garnham, huko London, wakakikuta kwenye ini la nyani na baadaye la binadamu.

Mwaka huo huo wa 1948, Ignace Vincke na Marcel Lips walieleza kimelea kipya walichokipata katika damu ya panya wa msituni hapa Katanga, nacho wakakiita Plasmodium berghei. Vincke alikuwa ameanza kuona sporozoiti zake miaka michache kabla, katika mbu wa Anopheles dureni ambaye huishi kando ya vijito vyenye msitu. Katika miaka ya 1960 zikapatikana pia mbegu za kimelea hicho kutoka Kasapa, na moja kati ya hizo huitwa ANKA, kwa kuunganisha Antwerpen na Kasapa. Leo mwanafunzi wa Singapore au wa Lisbon anayetazama kimelea kikikua ndani ya chembe ya ini la panya, kuna uwezekano mkubwa kwamba anatazama kizazi cha kimelea kilichotoka Kasapa. Kwa wakazi wengi wa mji huu jina hilo ni gereza na chuo kikuu. Katika maabara za malaria duniani ni jina la kila siku.

Na kwa kimelea hicho hicho ndipo tofauti ya ini na damu ilipoonyeshwa kwa namna ambayo haijabatilishwa mpaka leo. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake huko New York walizipiga sporozoiti za berghei kwa mionzi ili zidhoofike bila kufa, wakawadunga panya. Panya hao walipodungwa baadaye sporozoiti kamili, wengi walikingwa. Lakini kinga hiyo ilikuwa ya hatua moja: panya waliokwisha kukingwa hivyo walipopewa damu yenye vimelea waliugua kama wengine wote. Ulinzi wa lango la ini haukuwa na habari na mambo ya damu.

Chanjo mbili zilizopo sasa ni wajukuu wa jaribio hilo. RTS,S ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, na R21 Oktoba 2023. Zote mbili hufundisha mwili kutambua protini moja inayofunika ngozi ya sporozoiti. Kongo ilianza kutoa chanjo mwishoni mwa mwaka 2024 katika jimbo la Kongo Central. Wazazi wa Lubumbashi wataanza kusikia kwa ndugu zao wa magharibi kwamba mtoto fulani alichanjwa na bado amepata malaria, na hapo ndipo uvumi utakapopata chakula. Jibu limo katika hesabu ya juu. Ikiwa kingamwili zitaua sporozoiti arobaini na tisa kati ya hamsini, ile moja iliyoponyoka itatoa 30,000, na hao 30,000 hawavai tena protini ile ambayo chanjo imeifundisha kinga kuitambua. Chanjo haina la kufanya nao. Katika jaribio kubwa la RTS,S, watoto waliopata dozi nne walikuwa na matukio ya malaria pungufu kwa asilimia kama 36 katika miaka minne, na mimi sioni namba hiyo kuwa ya aibu. Ni matokeo ya kuzuia mlango mwembamba ambao mtu mmoja akiupita, shamba zima huliwa. Kinachonitia wasiwasi ni kuitangaza kama ngao kamili, kisha kumwacha mganga wa kituo cha afya ajibu maswali ya akina mama bila kupewa maneno ya kujibu.

Mtu mzima wa hapa amejengewa kinga ya upande wa pili kabisa. Mwaka 1961, huko Gambia, Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima waliokwisha kuzoea malaria na kuwapa watoto wagonjwa, na vimelea katika damu ya watoto hao vikapungua sana. Kinga hiyo hupambana na kimelea damuni. Mzee wa Kamalondo ambaye hajashikwa na homa ya malaria miaka kumi huumwa na mbu kama mwingine yeyote. Sporozoiti hufika kwenye ini lake na hukomaa humo. Ila merozoiti zikimwagwa damuni hukutana na jeshi lililokwisha kuzijua. Anaweza kutembea na vimelea vichache bila kuhisi, na kipimo chake kikasoma chanya siku anapoumwa na kitu kingine. Mtoto wa chanjo na mzee huyo wote wana kinga, lakini kila mmoja analinda mlango wake, na watafiti wanaoifanyia kazi protini ya RH5, ambayo merozoiti huitumia kuingia kwenye chembe nyekundu, wanajaribu kumpa mtoto sehemu ya kile alichonacho mzee.

Dawa nazo zina upande. Klorokwini, ambayo Kongo iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001, hufanya kazi kwa kuzuia kimelea kugandisha ile himu yenye sumu. Kwenye ini hakuna himoglobini inayoliwa, kwa hiyo haina pa kushika. Dawa za jamii ya atemisinini nazo huwashwa na chuma cha himu. Ndiyo sababu dawa mseto tunazotumia tangu mwaka 2005, kwanza atesunati (ya jamii hiyo ya atemisinini) na mwenzi wake amodiakwini, ni dawa za damu. Kimelea kilicho kwenye ini huzipita salama. Zipo zinazogusa ini, kama primakwini dhidi ya hipnozoiti, na atovakwoni pamoja na proguanili dhidi ya falciparum anayekua. Na ukitaka kuiona tofauti kwa macho, waulize wageni wanaofanya kazi katika migodi yetu jinsi wanavyomeza vidonge vyao vya kinga. Anayetumia atovakwoni na proguanili huendelea siku saba tu baada ya kuondoka Kongo. Anayetumia doksisaiklini au meflokwini huendelea majuma manne, kwa sababu dawa yake lazima isubiri vimelea vitoke kwenye ini ndipo iviue.

Hapa ndipo ninapokubali kwamba usemi wa mitaani una punje ya ukweli, ila punje hiyo ina umri wa juma moja. Mtoto aliyeanza kuumwa Jumatano kwa sababu ya mbu wa majuma mawili yaliyopita huenda aliumwa tena na mbu mwingine Jumapili iliyotangulia. Anapewa dawa mseto Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Vimelea vya Jumapili viko kwenye ini wakati huo, havijali. Vitatoka Jumamosi au Jumapili inayofuata, na wakati huo atesunati itakuwa imekwisha mwilini tangu zamani, kwani hudumu kwa saa chache tu. Kinachovikuta ni amodiakwini, ambayo hukaa kwenye damu kwa siku nyingi. Ndiyo kazi ya mwenzi katika dawa mseto: kumaliza mabaki ya damu, na kuwapokea wanaochelewa kutoka. Sasa fikiria mtoto aliyelazwa, akachomwa sindano za atesunati, akapata nafuu, na familia ikamrudisha nyumbani bila kukamilisha siku tatu za vidonge ambazo mwongozo unazitaka baada ya sindano. Hana mlinzi. Homa ikirudi juma linalofuata, wote watalitazama ini, wakati kosa ni vidonge vilivyobaki kwenye meza ya famasi.

Siku tatu zenyewe zina maana yake. Mzunguko wa damu ni saa 48, kwa hiyo siku tatu huhakikisha kwamba kila kimelea kimekutana na dawa katika mizunguko miwili. Atemisinini hupunguza vimelea takriban mara elfu kumi kwa kila mzunguko. Mgonjwa aliyekuwa na vimelea bilioni moja, akimeza siku ya kwanza tu na kuacha kwa kuwa homa imeshuka, hubaki na maelfu kwa maelfu, na hesabu ya mara kumi kila siku mbili huanza upya kutoka hapo. Hao hawakutoka kwenye ini.

Kuhusu seramu ya kinini nitasema kwa ufupi, ingawa najua kwamba wengi hawajisikii kutibiwa mpaka waone chupa ikining'inia. Kinini huua zaidi vimelea vilivyokomaa, vile ambavyo tayari vimenasa kwenye mishipa. Atesunati huviua na vile vichanga vinavyozunguka, kabla havijanasa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, lililowahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, walikufa asilimia 10.9 ya waliopewa kinini na asilimia 8.5 ya waliopewa atesunati. Tofauti hiyo yote imefanyika ndani ya zile saa 48 za damu.

Vipimo havina budi kusomwa kwa akili hiyo hiyo. TDR nyingi hutafuta protini ambayo falciparum huitoa akiwa damuni, na protini hiyo huweza kubaki kwa majuma kadhaa baada ya kimelea chenyewe kufa. Mama anayerudi siku ya kumi na mtoto mwenye kikohozi na homa, TDR ikasoma chanya, anaweza kupewa malaria ya pili ambayo haipo, na nimonia ikaendelea na kazi yake. Kwa marudio ya namna hiyo GE ni shahidi bora kuliko TDR, kwa kuwa huonyesha kimelea chenyewe.

Kwa hiyo swali ambalo ningependa liulizwe kwenye kila meza ya kituo cha afya, kabla ya jingine lolote, ni siku ngapi zimepita tangu kidonge cha mwisho. Homa ya siku ya tano au ya nane haiwezi kuwa ya mbu aliyeuma baada ya matibabu, kwa kuwa siku hazitoshi. Hapo yafaa kuuliza kama mtoto alitapika kabla ya saa moja kwisha na hakupewa dozi nyingine, kama vidonge vilikatwa kati ya ndugu wawili, kama lumefantrini, mwenzi katika dawa mseto nyingine, ilimezwa bila chakula chenye mafuta wakati mwili huihitaji ili kuifyonza, kama dawa ilinunuliwa mahali pasipoaminika, au kama ugonjwa si malaria kabisa. Kimelea kikionekana tena kabla ya siku ya 28, mwongozo hutaka kuhamia kwenye dawa mseto nyingine, kwa maana ile ya kwanza huenda haikuimaliza damu. Baada ya siku ya 28, katika mji ambamo mvua za Novemba hadi Machi hujaza kila shimo la barabara, karibu kila mara ni mbu mpya, sporozoiti mpya na juma jipya la ini. Dawa ile ile ya mwanzo bado inafaa, na kinachostahili kukaguliwa ni chandarua, hasa upande ule ambao mtoto huegemea anapolala.